Bazimu, si Wazimu

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi niliporudi toka bomba la maji nikamukuta mama mukwe wangu amekwisha kumufunga mutoto wangu mugongoni. Alikuwa mulangoni, anatafuta kiatu chake kwa mguu. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Nilitua ndoo, nikakamata fundo la kitenge.

"Mama, fungua."

"Sifungue. Mutoto hawezi kukomaa kwa mwenye wazimu."

"Nani mwenye wazimu?"

"Gazeti imesema. Gazeti ya mapadri. Mapadri banasemaka uongo?"

Nililifungua fundo mimi mwenyewe. Nikamuambia kwamba hata fisi wa kwao Masisi hungoja usiku, lakini yeye ameiba mutoto jua likiwaka. Kwetu muke hamuambii mama mukwe maneno kama hayo. Hata jina lake halitamki. Mimi niliyasema, kisha nikayarudia kwa sababu jirani mumoja alikuwa hajasikia vizuri. Mama mukwe akaketi juu ya jiwe la mulangoni, akatangazia njia yote kwamba sasa wazimu ameuona kwa macho yake.

Niseme basi gazeti liliandika nini.

Mimi naandika hadithi za kuogopesha. Nilisoma kwa masista mpaka nikawa monitrisi, mwalimu wa watoto, nikaolewa, na bwana yangu akienda na lori Kiwanja au Masisi kuchukua maharagwe, naandika. Hadithi zangu hazikai porini. Wazee wa kwetu wanasema bazimu, maana yake roho za wafu wabaya, wanaishi ndani ya mulima wa moto ulio juu ya Goma. Mimi niliwashusha. Katika hadithi yangu wanapanga nyumba karibu na kambi ya askari ya Katindo, wanavaa suruali zenye pasi, wanasimama kwenye mustari wa kununua chumvi kama wewe na mimi. Mutu anawatambua wakati wa kula tu: uji ukitoka motoni hawapulizi. Walizoea moto zaidi.

Kule nyumba ya kuchapa ya misheni, ng'ambo ya ziwa, waliipenda. Waliniandikia kwamba itatoka vipande vipande katika gazeti lao, na kabla ya Noeli itakuwa kitabu. Hadithi ya pili, ya karani wa duane, yaani forodha, ya Bunagana aliyekufa akaendelea kupiga mihuri, itafuata mwaka unaokuja. Nilifurahi, siwezi kukataa. Niliwaambia wanawake wote wa bombani. Nilimuambia hata mutu wa kuuza ndizi, ambaye hakuniuliza.

Jina la kitabu nililiandika kwa mukono wangu: Bazimu Katika Muji. Masista walitufundisha kwamba katika Kiswahili cha kitabu watu hawaitwi "batu", na watoto hawaitwi "batoto". Najua sheria hiyo. Lakini "bazimu" niliiacha makusudi, kwa sababu ukiondoa ba ukaweka wa, wafu wanaondoka na kichaa kinaingia. Mutu mumoja kule, mwenye kalamu nyekundu na haraka, hakufikiri hivyo. Alisahihisha.

Siku ya Mungu, kiisha misa, katekista akasoma gazeti mbele ya kanisa, kama kawaida, kwa sauti ya kusomea Injili: "Habari njema! Kabla ya Noeli munangojea kitabu kipya, Wazimu Katika Muji. Mama mumoja wa Goma atatuletea wazimu wake kila mwezi. Na mwaka unaokuja ataleta wazimu mwingine, toka Bunagana."

Watu walicheka mpaka mashemasi wakatoka kuangalia. Nilimufuata katekista.

"Papa, umesoma vibaya."

"Mama, nimesoma yenye iliandikwa. Angalia." Ilikuwa imeandikwa.

Toka siku ile, bombani: "Mupishe mama wa wazimu, asitupige ndoo!" Mwingine: "Mama, ule wa Bunagana umeshapita duane?" Bwana yangu alisema watasahau. Lakini ni malori, na la kwake pia, yaliyopandisha habari mpaka Masisi, na kule juu haikuwa muzaha tena. Ilimufikia mama mukwe hivi: muke wa mutoto wako amepata wazimu, mapadri wenyewe wametangaza.

Jioni ya siku ile ya fundo bwana yangu alirudi, akatukuta mama yake na mimi tumepeana mugongo, mutoto katikati anakula ndizi.

"Mutoto aende na mama milimani kidogo," akaniambia. "Mpaka maneno yapoe."

"Na asiporudi?"

Mama yake ndiye aliyejibu, bila kunigeukia: "Mimi sijue kusoma. Gazeti ilimuharibisha, gazeti imutengeneze. Nitangojea ile ya mwezi unaokuja, katekista aisome mbele ya kanisa. Ikinyamaza, ninapanda lori na mutoto."

Kesho yake nilienda ofisi ya misheni na mutoto mugongoni, nikasimama mpaka padri akapiga muhuri juu ya karatasi hii:

"Kwa Mukubwa wa nyumba ya kuchapa.

Mimi, mwandishi wa Bazimu Katika Muji, nashitaki. Muligeuza neno langu bila kuniuliza. Niliandika habari za wafu, ninyi mukatangaza kichaa, tena changu. Kama mulitaka Kiswahili cha kitabu, kitabu kinasema mizimu. Kwa neno lenu familia ya bwana yangu inataka kuninyang'anya mutoto.

Naomba gazeti la mwezi unaokuja liseme, mahali pale pale, kwa herufi kubwa zile zile: tulikosa sisi, mama huyu ana akili timamu. Lisomwe na katekista yule yule.

Kama hamuwezi, musichape kitu changu tena, wala cha Noeli wala cha Bunagana. Murudishe karatasi zangu zote. Kitabu nitaandika kingine; mutoto huyu ni mumoja."