Samaki Hachinjwi

Sijaisahau asubuhi moja ya kiangazi hapa Kau, mwanangu, na laiti ningeisahau. Jana nilikuona ukingoni mwa mto na wenzako wa Garsen. Mlimvuta kambare, mkapiga naye picha, mkamrudisha majini, mkamvuta mwingine. Nilipokuuliza mnafanya nini, ukanicheka: "Babu, samaki haumii. Na si tunamwachilia?" Maneno hayo niliyasema mimi kabla baba yako hajazaliwa, na yaliniponza. Leo kaa kitako unisikilize, na hiyo simu itie mfukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikimpenda Habiba, binti wa mfugaji mmoja, Mzee Barisa. Alikuwa akituletea maziwa ya kuuza kijijini. Nilimpenda, sikufichi, hata bibi yako, Mungu amrehemu, alilijua hilo. Ami yangu alishapeleka posa, na Mzee Barisa akasema atakuja mwenyewe kutoa jibu. Watu walisema hawezi kumpa mvuvi mtoto wake. Kumbe asubuhi ile alikuja na jibu la ndiyo. Nilikuja kuambiwa baadaye.

Alinikuta kwenye malka, ile njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni. Nilikuwa nimemnasa kambare mkubwa kwenye mshipi. Nilipomwona mzee, kichwa kikanivimba, nikataka aone anapata mkwe wa namna gani. Nikamlegezea kambare mshipi akakimbia, nikamrudisha, nikamlegezea tena. Nikamtoa nchi kavu akagaragara mchangani, damu ikimtoka mdomoni, nikamtupa majini ndoana ikiwa bado imo, nikamvuta upya. Na nilikuwa nacheka, mwanangu.

Mzee Barisa hakuwahi kumtia samaki kinywani. Kwake alikuwa sawa na nyoka. Akauliza, "Utamla?"

"Hapana, mzee. Nyumbani wapo tele. Huyu nacheza naye tu."

"Haumii?"

Nikajiona mwanachuoni. "Angekuwa anaumia, dini ingetuamuru tumchinje. Samaki hachinjwi."

Akanitazama mikono. Kisha akasema taratibu, "Mimi ng'ombe yangu nikichinja, kisu naficha asione. Wewe umeambiwa samaki hapana chinja, ukafikiri umeambiwa tesa." Akageuka, akawafuata ng'ombe wake. Kwa ami hakupita.

Habiba akaozwa mbali, huko Nanighi, kabla mvua hazijanyesha. Nilimtukana baba yake miaka na miaka. Mkabila! Mwenye kiburi! Eti anamwonea huruma samaki ambaye hata hamli! Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipokutana na Habiba sokoni Garsen. Tuliamkiana, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini baba yake alinikataa.

"Baba alisema ulikuwa umeshiba, na bado ulikuwa unacheka," akanijibu. Akachukua kikapu chake akaenda zake.

Kama samaki anaumia vile tunavyoumia sisi, mimi sijui. Simu yako ikikwambia inajua, shauri yake. Ninalojua ni kwamba yule kambare alikuwa anapigania roho yake, nami nikaita mchezo, kwa vile hakuwa na sauti ya kunipigia kelele. Hata kujiuliza sikujiuliza. Aliyejiuliza ni mzee asiyemla samaki, tena mimi mla samaki nikamwona mjinga.

Basi sikiliza. Ukiwa na njaa, vua. Ukimtoa, mpige kichwani mara moja afe upesi, kisha umle, usimtupe. Ukiwa umeshiba, mshipi uache nyumbani. Na usinidanganye kwamba kumwachilia ni huruma. Ungekuwa na huruma usingemtoboa mdomo kwa ajili ya picha. Watu wanakutazama, mwanangu, hata usiowajua, na wanakupima kwa yule asiyeweza kukufanya kitu.

Nenda na radhi zangu. Mungu akujaalie riziki ya halali na mkono mpole, na akupe umpendaye. Mimi alininyima, na nilistahili.