Kopo la Maziwa ya Kichanga

Jina la Mama Pasi alipewa na wenzake kwenye kiwanda kikubwa cha udobi alikofanya kazi, kwa sababu shuka ikishapita mikononi mwake ilinyooka hadi mtu anaogopa kuilalia. Kazi hiyo haikumdai Kiingereza. Pasi haisemi na shuka hazijibu. Taabu ilikuwa dukani. Mtaa wa ughaibuni waliohamia yeye na mumewe ulikuwa na duka moja tu kubwa la vyakula, na humo ndani kila kitu, kuanzia maandishi ya rafuni hadi ukali wa mlinzi, kilikuwa kwa Kiingereza. Mumewe alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsemea.

Siku ya kwanza alipokwenda peke yake alitaka supu ya pakiti. Akamwambia mwanamke aliyekuwa akipanga rafu, "Sop, plizi." Yule mama akampeleka moja kwa moja hadi kwenye sabuni. Mama Pasi akaona haya kukataa. Alichukua mche mmoja, akashukuru, akarudi nyumbani na njaa yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, waliyekuwa wakikaa naye nyumba moja, alicheka hadi akashika ukuta. "Kwa hiyo wifi, leo tunachemsha sabuni?"

"Cheka tu. Wewe ulizaliwa unakijua?"

Hapo wifi akaacha kucheka. Yeye alikuwa mhudumu wa zahanati, kutwa hayupo nyumbani, na Kiingereza alikipata kwa kusukumwa na kufokewa. Tangu jioni ile akawa anapanga maboksi na makopo matupu juu ya meza ya jikoni, anakaa upande wa pili, anabinua midomo, tayari amekuwa keshia mwenye maringo. Mama Pasi aliomba mkate, aliuliza mchele uko wapi, alikataa mfuko, alidai risiti. Akikosea, keshia alijitia kiziwi. Akipatia, alipigiwa makofi. Usisahau tu, wifi alikuwa akimwambia, mwenzio dukani akikwama, msogelee. Mimi sikupata wa kunisogelea.

Na kweli ulimi ulifunguka. Ikafika siku Mama Pasi anaingia dukani kifua mbele, anasukuma toroli kama mwenye duka, na akifika kaunta anamsalimia keshia kwanza, tena kwa maneno mazima. Alikipenda Kiingereza chake kipya kama mtu anavyopenda viatu vipya: hataki hata vumbi livikaribie.

Ndipo siku moja, yuko kwenye foleni, mbele yake akasimama mama mmoja wa makamo mwenye kandambili, khanga imemteleza begani. Mkononi alishika makopo mawili ya maziwa ya unga. Alikuwa akimuuliza keshia kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama vile kelele zingetafsiri. "Lipi la kichanga? Kichanga! Mjukuu wangu hana hata wiki. Mama yake bado amelazwa."

Keshia alitikisa kichwa. Nyuma watu wakaanza kuguna. Mama yule akageuka, akamwona Mama Pasi, uso ukamchangamka. "Dada, afadhali wewe. Nisaidie, mwambie huyu."

Keshia naye akamtazama Mama Pasi, akamuuliza kwa Kiingereza kama anaelewa mama huyu anasema nini.

Mara zote alizolikumbuka jambo hili baadaye, Mama Pasi hakuweza kusema ni nini kilimpata. Aliona kandambili. Aliona macho ya foleni yakihama kutoka kwa yule mama kuja kwake, yakiwapima kwa kipimo kimoja. Akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kama shuka zake, kwamba samahani, haelewi.

Mama yule hakubisha. Alimtazama kidogo, akarudisha kopo moja, akalipia lingine, akaondoka. Zamu ya Mama Pasi ilipofika, keshia akatabasamu na kumsifu: Kiingereza chako ni kizuri sana siku hizi.

Sifa hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake aliunguza shuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, na msimamizi alipomfokea alishukuru kimoyomoyo kwamba yupo angalau mtu wa kumfokea. Mwisho akamweleza wifi yake, walipokuwa wakiosha vyombo. Wifi hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akakusanya yale maboksi na makopo matupu ya mafunzo, akayatia yote kwenye pipa la taka.

"Wifi, nisamehe."

"Mimi umenikosea nini? Katafute mwenye mtoto."

Basi kila alipotoka kazini alipitia dukani na kusimama karibu na rafu ya maziwa. Hakuwa na la kununua. Mlinzi akaanza kumfuata nyuma kama kivuli, akidhani ana lake jambo, naye akaona sawa tu. Macho ya kushukiwa hayakumwuma kuliko yale ya foleni.

Alipokaribia kukata tamaa, mama yule akatokea, mtoto mgongoni. Mama Pasi alimwendea. "Shikamoo, mama."

Mama yule hakushtuka kusikia Kiswahili. Wala hakuitikia. "Leo umekijua?"

"Nilikijua siku ile pia."

"Najua. Nilikusikia kwenye rafu ya chumvi, unajisemea peke yako, chumvi wameificha wapi hawa watu. Ndiyo maana nikakuita dada."

Mama Pasi alitamani sakafu immeze. Kumbe uongo wake haukumdanganya yule aliyekanwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto anaendeleaje?"

"Kopo nililochukua lilikuwa la watoto wakubwa. Aliharisha hadi akalegea, tukalala hospitali." Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza khanga. "Sasa mzima. Mwenyewe unamwona."

"Mama, sina hata neno la kusema."

"Maneno si ndiyo unayo wewe? Nisomee hili."

Alimsogezea kopo. Mama Pasi akasoma, na hakufika mbali. Maandishi madogo ya nyuma yalimshinda. Ilibidi alipeleke kaunta, mbele ya foleni nzima, aulize maana ya neno hili na lile, akimtafsiria mama yule kila jibu kwa Kiswahili cha sauti ya juu, huku Kiingereza chake kikijikwaa na kuanguka. Keshia, yule yule wa siku ile, alishangaa waziwazi. Mama Pasi aliuhisi uso ukimwaka moto, lakini hakuondoka mpaka wakajua maji ni kiasi gani na unga ni kiasi gani.

Tangu hapo wakawa wanakutana dukani siku za mapumziko. Alimfundisha kuomba mkate, kuuliza mchele, kudai risiti. Mama yule alikuwa mwepesi wa kushika kuliko yeye, ila hakumwita tena dada. Alimwita wewe. Wewe, hili linaitwaje? Wewe, twende. Mama Pasi alingoja neno lile siku baada ya siku, kisha akajionea aibu kwa kulingoja.

Wifi yake alimuuliza siku moja, "Amekusamehe?"

"Hajasema."

"Na wewe hujamuuliza?"

"Nitamuulizaje, wifi? Nimwombe tena kitu kingine?"

Hata mtoto akaanza kutambaa. Mama yule sasa alikuwa akija dukani kwa wakati wake, hamngojei mtu. Jumamosi moja Mama Pasi alimkuta kaunta, akibishana na keshia kwa Kiingereza juu ya yai lililopasuka, na keshia akimbadilishia. Mama Pasi alisimama nyuma kabisa ya foleni. Mama yule alipopita na mfuko wake alimwona, akamwinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimia jirani wa mtaa wa pili, akatoka nje. Mama Pasi akasogeza toroli lake mbele.