Loki ya Kisanduku cha Mama

Mama alitaka kuiona ibada, au alitaka waumini wenzake wamwone yeye? Swali hili ningali nalo. Nilipomuuliza, alinituma nikaongeze mkaa jikoni.

Nyonga yake ilipoharibika, daktari alimkataza kupanda ngazi, na kanisa letu la pale Njombe limejengwa mlimani, juu ya ngazi nyingi. Mdogo wangu wa kike anayeishi ughaibuni akatuma kisanduku cheusi, kifupi kuliko mche wa sabuni, cha kuunganisha na televisheni ili mama atazame ibada zinazorushwa mtandaoni. Kumbe watengenezaji walikuwa wamekifunga: kilipokea chaneli walizoziruhusu wao tu, na kwa mtu wa huku kwetu hawakuruhusu hata moja. Kwa kuwa katika ukoo wetu aliyefika chuo kikuu hukabidhiwa kila kitu chenye waya, nilikabidhiwa mimi, niliyesomea historia.

Nikaenda nacho Makambako, ninakofanya kazi. Jioni baada ya jioni, nyumbani kwangu Mahongole, nilikiunganisha na kompyuta, nikabonyeza vitufe viwili vya rimoti kwa pamoja hadi taa ianze kumetameta, kisha nikasubiri programu ya kutoa loki ikitambue. Mara kilitambulika kikazima. Mara umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaanza upya. Sikuwa na ari yoyote. Nilikuwa mtu aliyetoka ofisini na kuikuta ofisi nyingine ikimngoja mezani. Naye mama hakuacha kupiga simu.

“Kamwene, baba. Kamefunguka?”

“Bado, mama.”

“Chuoni ulikaa miaka yote ile, kadude hako kanakushinda?”

“Nilisomea historia, mama.”

“Basi kasimulie hiyo historia. Kakisinzia, ukafungue.”

Hatimaye kilikubali. Jumamosi nikapanda gari kwenda Njombe, nikakichomeka kwenye televisheni ya mama, na ibada ya Jumapili iliyopita ikatokea. Mama alikuwa amejifunga kitenge cha umoja wa akina mama, ameketi wima kama aliye kanisani. Aliimba nyimbo zote. Kwenye sala aliinamisha kichwa. Mchungaji alipotoa baraka, picha ikakatika.

“Na mnada?”

Nikamweleza kwamba mnada haurushwi. Kwetu, ibada ikiisha, watu hushuka hadi uwanjani na kuzinadi sadaka za mazao: viazi, parachichi, kuku. Aliyemnunua kuku mara nyingi humrudisha anadiwe tena, na kwa miaka mingi mama na jirani yake wamekuwa wakipandishiana bei ya kuku huyohuyo, wakirushiana maneno, uwanja mzima ukicheka.

“Nimeshamtenga jogoo,” mama alisema, akikinyooshea kisanduku kidole. “Nitampitisha wapi humo? Na yule mwanamke nitampandishia bei vipi, wakati mimi namwona, yeye hanisikii? Atatangaza nimekufa, na jogoo wangu nimeondoka naye.”

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa amegeukia dirisha, na mabega yake yalikuwa yameshuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata siku daktari alipomkataza ngazi.

Jioni zangu zote zilikuwa ndani ya kile kisanduku, na nilikitazama bila hasira, kwa kuwa hata hasira inahitaji nguvu. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sisi wote, kwa simu zetu zote za kutoka ughaibuni na Makambako, hatukuwa tumelitaja: uwanja wa mnada uko chini ya ngazi. Kuufikia hakuhitaji kupanda hata moja.

Asubuhi nikamfunga jogoo miguu, nikamvika mama sweta mbili kwa ajili ya ule ukungu wa Njombe, nikaita bajaji. Kiti cha sebuleni nilikipakata mwenyewe. Nilikiweka katikati ya uwanja, nikamketisha mama, nikamweka jogoo miguuni pake. Huko juu vipaza sauti vilikuwa vimeanza wimbo wa kwanza, na mama akaupokea.