Kusimama Bila Kuchoka

Mama alipofariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado mezani kwa watu wa Uhamiaji, na mwanasheria alinieleza bila kupepesa macho kwamba nikitoka Australia kabla hazijapita, nisitegemee kurudi. Nikabaki. Siku ya mazishi niliingia zamu ya asubuhi kwenye makao ya wazee nilikofanya kazi, nikagawa chai na dawa kama kawaida, nikapanda treni kurudi Guildford. Nyumbani nilingoja kilio kama mtu anavyomngoja fundi wa bomba aliyeahidi kuja. Nikapika, nikaosha vyombo, nikapiga pasi sare ya kesho yake. Hakikuja.

Jioni iliyofuata nilimpigia dada yangu mkubwa kwa kadi ya simu. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki Kenya na mama, na ndiye pekee aliyenibakia duniani. Nilimuuliza kama watu walikuja wengi, na kama hema lilitosha.

"Unaniongelesha kama receptionist," akasema. "Mama yako amelala kwa udongo, na wewe unauliza hema? Usinipigie tena mpaka umlilie."

Akakata. Mimi nami nina kiburi cha kwetu, sikumpigia. Lakini ukweli ni kwamba ningemlilia mama siku hiyohiyo kama ningejua pa kuanzia. Ndani yangu mlikuwa kimya. Sikuwa na huzuni hata kidogo, na jambo hilo lilinitisha kuliko ambavyo huzuni ingenitisha.

Kilichokuja badala yake ni kikohozi kikavu. Nyumba zetu za gorofa zilikuwa na kamba moja ya kuanikia nguo huko nyuma, na asubuhi moja nilikuwa naanika huku nakohoa wakati jirani wa chini, bibi wa Kichina aliyekuwa akilea wajukuu, alipoweka beseni lake chini na kunishika kifundo cha mkono. Hakuomba ruhusa. Alibonyeza kwa vidole vitatu, akafumba macho. Kwa mazoea ya uuguzi nikaangalia saa yangu, nikaanza kuhesabu mapigo. Yeye hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akisikiliza, kama mtu aliyeegemeza sikio kwenye mlango wa jirani.

"Mapafu," akasema kwa Kiingereza chake kidogo. "Huzuni inakaa mapafu. Nani kafa?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kuanika suruali za wajukuu. Jioni nilikuta mlangoni chupa ya thamosi yenye maji ya mizizi, machungu kama shubiri, na Jumamosi akanipeleka bustanini, ambako alikuwa akiwafundisha wazee wenzake zoezi la kusimama.

Zoezi lenyewe halina maajabu. Unasimama, magoti yamelegea, mikono mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia pipa, basi. Alisema mwili una pumzi yake, chi, inayopita humo kama maji kwenye mfereji, na kwamba kazi yetu ni kuacha kuizuia. Usisukume, usivute, usitake chochote. Namna hiyo ya kuacha wenyewe wanaiita Tao, Njia, na kwa jinsi nilivyomwelewa, Njia haipendi kukimbizwa. Wanafunzi wake walitaabika. Mabega yaliwashuka, mapaja yaliwatetemeka, mzee mmoja wa Kivietinamu alilaani kwa sauti. Mimi nilisimama. Jua lilipanda, mbwa wa watu wakapita, wenzangu wakakaa kwenye nyasi wakakunywa chai, na mimi bado nimesimama nimekumbatia pipa langu.

Bibi alifurahi kupita kiasi. Wiki zilizofuata alinisimamisha mbele ya darasa, akawa ananizunguka akinionyesha kwa kidole: tazameni mabega, tazameni uso. Nilielewa kwamba wengine hutumia miaka kufika pale nilipo. Sikumpinga. Mtu akikusifia kwa jambo lisilokugharimu kitu, unanyamaza unapokea.

Mwenzangu wa kazini, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiye aliyechukizwa nilipomsimulia. Alinibana kwenye chumba cha kufulia mashuka.

"Dada, achana na mambo hizo. Hiyo energy yao unajua inatoka wapi? Ukifungua mlango, pepo inaingia. Kuja fellowship Sunday, kanisa letu la Quakers Hill, tukuombee."

Nilimjibu kwamba kama kuna pepo aliyekubali kuingia ndani yangu miezi ile, basi anahitaji yeye kuombewa, maana humo hakuna hata kiti. Hakucheka. Alirudi kukunja mashuka.

Jumamosi iliyofuata nilisimama karibu na mti wa mkalitusi bila kuangalia chini. Nilikuwa nimekanyaga njia ya siafu wakubwa weusi wa kule, ambao wakikuuma unaweza kupiga yowe. Waliingia ndani ya soksi wakapanda muundi wa mguu. Nilijua wananiuma, kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha mji mwingine. Sikusogeza hata kidole. Bibi alikuwa akinizunguka akinisifia alipoinama kunirekebisha goti, akaona.

Alipiga kelele. Aliwafagia wale wadudu kwa viganja vyake, akanivua kiatu na soksi kwa nguvu kama anamvua mtoto mtukutu, huku akifoka Kichina. Mguu ulikuwa na vinundu vyekundu hadi karibu na goti.

"Hii inauma?"

"Kidogo," nikasema. Nilidanganya; haikuuma hata kidogo.

Akachuchumaa palepale kwenye nyasi, mikono imelegea mapajani. Furaha yote ilikuwa imemtoka, na nilimwonea haya.

"Nilidhani mtu ametulia," akasema. "Kumbe mtu hayumo."

Alianza kunipiga mguu kwa kiganja, pa, pa, pa, kutoka kwenye paja hadi kisigino, kisha mguu wa pili, kisha mikono. Wazee wengine walikuwa wamekaa na chai yao wakitutazama. Bila kuacha kupiga, aliniuliza mama alikuwaje.

"Miaka sabini na mbili," nikasema. "Presha ya muda mrefu. Alianza kukosa pumzi usiku, akalazwa, akafariki siku ya pili."

Mkono wake ukasimama.

"Huyo mgonjwa," akasema. "Mimi nimeuliza mama."

Nilikuwa nimemkabidhi mama yangu kama tunavyokabidhiana wagonjwa zamu zinapobadilishana. Nilivaa kiatu bila soksi nikaenda nyumbani.

Jioni, kwao asubuhi, nilikwangua kadi mpya nikapiga. Dada alipokea haraka.

"Sijalia," nikamwambia mapema, asije akafurahi bure.

"Sasa umenipigia nini?"

"Uniambie mlimvalisha nini."

Nilisikia akivuta kiti. Kisha akaanza. Gauni la kijani, lile alilovaa kwenye harusi ya dada. Kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Viatu vyeusi vya kufunga, alivyokuwa ameviweka kwenye boksi kabatini akisema ni vya safari.

"Lakini vilikataa," akasema. "Miguu ilikuwa imefura sana. Pale mochari mke wa pasta alishika, mimi nikasukuma, tukasukuma mpaka nikaogopa tunamuumiza. Vikakataa. Nikavua slippers zangu nikamvalisha. Nikarudi nyumbani miguu mitupu."

Miguu ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi nilikuwa naiinua miguu ya mama za watu, imejaa maji, naiweka juu ya mto, naikanda polepole kuelekea juu mpaka ngozi ilegee, ndipo navalisha soksi, kisha kiatu, kuanzia vidoleni. Nilimweleza dada kwamba kuna namna ya kufanya, kwamba haihitaji nguvu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuwepo," akasema, wala si kwa hasira.

Hapo ikaniuma.