Senti Isiyo na Jicho

Siku niliyokuta unga wa muhogo usoni mwa mwanangu, nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na yeye alikuwa hajajua hata kukaa.

Anayeandika hapa ni mjukuu wangu Françoise. Mimi nasema tu, yeye anabonyeza simu. Asiyeamini aje Kindu aulize kwa Bibi Mwavita. Meno sina, akili ninayo.

Ilikuwa zamani za Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru. Mume wangu Waziri alikuwa fundi wa kushona, anafanya kazi barazani kwa duka la watu, kwa mashine ya kukodi.

Nilikuwa nimeshazika watoto wawili. Binti yangu, jina lake Sikujua, aliondoka na homa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mdogo wake Ramazani akamfuata.

Wote walikuwa wamevaa senti kiunoni.

Nyumbani kwetu mtoto alifungwa senti ya zamani, ile yenye nyota na tundu katikati, uzi ukapita tunduni. Mtoto akifa, uzi unakatwa, senti inabaki kwa mama yake. Kwa lile tundu ndipo marehemu anawaangalia aliowaacha. Ndivyo tulivyoamini, msinicheke.

Nilipojifungua Mbaraka, mama mkwe wangu, Mama Halima, akaja na uso wa vita.

"Nipe zile senti za wale wawili."

"Za nini, mama?"

"Wanaona mutoto mupya, wanamutaka. Mi nazitupa mu maji."

Akazitupa kwenye mto Lualaba kweli. Mimi nilikuwa nimelala na mtoto kifuani, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Akarudi, akafungua ncha ya kitenge. Ndani mlikuwa na senti ambayo sijapata kuona mfano wake. Nyota ipo, maandishi yapo, ila pale katikati pamefumba. Haina tundu.

"Baba yake Waziri alilipwa hii ku reli," akasema. "Hakuna duka ilikubali kuipokea. Hii njo senti kipofu. Mutoto akivaa hii, wafu hawamuone."

Akaishona ndani ya kitambaa, akamfunga Mbaraka kiunoni. Nikashusha pumzi.

Basi ndipo yalipoanza.

Si usiku. Ni adhuhuri, jua la kupasua kichwa, mji mzima umelala. Najilaza na mtoto mkekani, pazia la mlango limetulia, mara nasikia kitu kinajigonga kwenye mtungi. Kinanyamaza, kinapumua. Kinajigonga ukutani.

Nikiamka, hakuna mtu.

Nikamwambia Waziri, akacheka. "Panya, mama."

"Panya inapumua kama muntu?"

Hakucheka tena.

Wakati huohuo akatokea Mzungu mmoja wa posta, Bwana Henri, aliyekuja kupimwa suruali. Nilikuwa nimempelekea Waziri chakula, mtoto nimempakata. Mbaraka alikuwa amekivutavuta kile kitambaa hadi kikachanika, senti ikachungulia nje.

Yule bwana akakodoa macho. Akaomba kuishika. Akaigeuza, akaipeleka kwenye jua.

"Mashine ya Ulaya ilisahau kutoboa hii," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Makosa kama hii ni chache sana. Kule kwetu watu wanapigania hii kwa mnada. Waziri, mimi nitakupa mashine ya kushona. Mupya. Ya kwako."

Waziri akaacha kupima. Mashine yake mwenyewe! Ndiyo ilikuwa ndoto yake tangu ujana.

"Nakwenda Kalima kwa kazi. Nikirudi, nachukua senti, unachukua mashine."

Nyumbani kukawaka moto.

"Ukiuza ile senti, umeuza mutoto!" Mama Halima akapiga kelele.

"Mama, mutoto analindwa na Mungu, si na chuma!"

"Na wale wawili? Mungu alilala?"

Waziri akatoka bila kula. Mimi nilikuwa katikati, mtoto nimembana kama kuna mtu anamvuta upande wa pili. Mashine nilikuwa naitaka. Mtoto nilikuwa namtaka zaidi. Wa tatu sikutaka kumzika.

Kesho yake mvua ilitishia, nikaingiza unga wa muhogo uliokuwa unaanikwa nje, nikautandaza chumbani kwenye mkeka mwingine. Mvua yenyewe haikunyesha. Adhuhuri nikalala.

Nilipoamka, nikaona unga umevurugwa.

Kwenye unga kulikuwa na alama za viganja. Vidogo. Vya watoto wawili, maana vingine vilikuwa vidogo zaidi. Havikwenda moja kwa moja. Vilizunguka, vikafika ukutani, vikarudi, vikakosa njia, vikaanza tena.

Mbaraka alikuwa macho, ametulia. Unga kwenye paji la uso. Kwenye pua. Kwenye masikio yote mawili.

Nikamnyakua nikimbie. Nikapita mbele ya kioo cha Waziri kilichoning'inia mlangoni, nikajiona.

Paji la uso, unga. Pua, unga. Masikio, unga.

Hapo nikakaa chini.

Baba yangu mzazi alikuwa kipofu. Macho yaliharibiwa na ugonjwa wa vile visubi vya mtoni. Kila akirudi nyumbani alituita mmoja mmoja, akatupapasa: paji la uso, pua, masikio. Kisha akasema, "Huyu njo Mwavita." Ndivyo alivyotujua.

Wanangu hawakuja kuchukua mtu. Tuliwatupia macho yao mtoni, wakawa wanamtafuta mama yao kwa mikono.

Nililia mpaka sauti ikakatika.

Kisha nikajifunga kitenge, nikaenda kwa Bulaimu, fundi wa vyuma.

"Toboa hapa katikati."

"Mama, Waziri anajua? Habari ya ile mashine iko mu mji mzima."

"Toboa."

Akapiga msumari nyundo. Kidude kidogo kikaruka, basi. Nikapitisha uzi, nikamfunga Mbaraka kiunoni, tundu likiangalia nje, ili ndugu zake nao waone kwa tundu hilo.

Mama Halima alizimia aliposikia. Waziri alininunia msimu mzima.

Na Bwana Henri akarudi kutoka Kalima, na mashine juu ya gari, imefunikwa turubai. Akaishika senti. Akaangalia tundu muda mrefu.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi, bwana."

"Sasa ni senti kama senti zote."

"Ndiyo, bwana. Njo nilitaka vile."

Akapanda gari, akaondoka na mashine yake. Waziri alishona kwa mashine ya kukodi mpaka macho yakaisha.

Mbaraka hakufa. Sasa hivi ni babu mwenye kitambi na anakoroma chumba cha pili.

Juzi Françoise amenionyesha kwenye simu senti iliyokosewa kiwandani, imeuzwa mnadani huko Ulaya kwa bei ya nyumba ya ghorofa. Akaniuliza kama najuta.

Kwa ile nyumba? Hapana.

Najuta kitu kingine. Kesho yake baada ya Bulaimu kutoboa, nilitandaza unga, nikalala adhuhuri. Nilipoamka, unga ulikuwa laini, hakuna aliyeugusa. Na kesho yake. Na mpaka leo.

Wameshatuona, wameridhika. Anayeona hana haja ya kupapasa.

Fundisho langu ni hili: ukisikia mkono usioujua, usikimbilie kujikinga. Uliza kwanza unamtafuta nani. Mimi niliuliza, nikajua, nikawapa macho yao. Sikufikiri kwamba siku ileile ndiyo ningeguswa nao mara ya mwisho.

Françoise huwa ananigombeza kwa nini namwaga unga kwenye sinia na kuuweka kando ya kitanda kila adhuhuri, nachafua nyumba.

Leo ameandika haya yote kwa mkono wake. Kisha sinia la unga ameniletea mwenyewe.