Hii Gari Imebeba Nini?

Docus Atoo alikuwa amechoka kuombwa na watu apige kelele. Akienda soko la Makindye kununua mukene, dagaa wa ziwani, muuzaji anamwambia, "Afande, tusemeshe kidogo basi." Akikaa kwenye foleni ya zahanati, mtu anamnyooshea simu amrekodi. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake, padri mwenyewe alimnong'oneza akiuliza kama hangeweza kusema ile moja tu, ile ya kumwambia dereva ashuke chini. Atoo alikuwa na miaka sitini na tatu, sajini mstaafu wa polisi, na alitaka kununua mukene wake kama mtu mwingine yeyote.

Balaa hilo lililetwa na Obita, mtoto wa kaka yake. Miaka kumi na miwili iliyopita, Obita akiwa bado anasomea kompyuta, alikuja kwa shangazi yake na simu na blanketi. Alimfunika blanketi ili sauti za barabarani zisiingie, kisha akamwomba aseme yale aliyokuwa akiwaambia madereva kwenye vizuizi. Atoo alisema sentensi ishirini na moja huku jasho likimchuruzika, akamaliza kwa kumfukuza Obita na blanketi lake.

Kumbe kijana alikuwa anatengeneza gemu. Aliiita Kizuizi. Mchezaji anaendesha pikapu iliyojaa kuku, au matoke, au keki ya harusi yenye ngazi tano, na kila baada ya kilomita chache anakuta mapipa mawili katikati ya barabara na askari mnene wa kike aliyevaa sare nyeupe. "Wewe! Kuja hapa! Hii gari iko na nini?" Ukikawia kujibu, anasema, "Mimi sitaki hadithi," na kioo cha simu kinageuka chekundu. Ni hayo tu. Lakini watu waliipenda mno. Ikaja Kizuizi ya pili, ya tatu, na ya nne. Kuanzia Namuwongo mpaka Eldoret mpaka Goma, kila aliyekuwa na simu alikuwa amewahi kugombezwa na Atoo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alikianza katika chuo cha polisi, akakikomaza katika nyumba za askari alikoolewa na mwanajeshi wa kwao Kitgum, akakinoa barabarani kwa miaka ishirini na minne. Hakuwahi kukisoma popote, na hakuna dereva aliyewahi kumwambia kwamba hakumwelewa.

Mwaka jana Obita alirudi, mara hii bila blanketi. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuifanya Kizuizi kuwa tamthilia ya televisheni, sehemu nane, na waigizaji wa kweli. Walitaka Atoo amfundishe mwigizaji wa kike jinsi ya kuwa yeye.

"Kwani mimi ni kitu cha kufundishwa?" Atoo aliuliza kwa Kiacholi.

"Shangazi, ni wiki tatu tu."

Zikawa miezi minne.

Siku ya kwanza walikutana Luzira, katika nyumba iliyokodiwa karibu na ziwa. Mwelekezaji aliitwa Masinde, mwanamume mwembamba aliyekuwa akivua miwani kila alipotaka kueleza jambo gumu. Mwigizaji alikuwa Moreen, msichana mrefu wa Nairobi mwenye adabu nyingi. Kando yao alikaa Nasike, aliyeajiriwa kusimamia lugha. Alikuwa amesoma Kiswahili chuo kikuu na alikuwa na kalamu nyekundu.

Walisoma sehemu ya kwanza kwa sauti. Atoo alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Katika ukurasa wa tano askari alinong'ona. Katika ukurasa wa kumi na mbili alimpenda mwendesha lori. Katika ukurasa wa ishirini na sita, baada ya kufungua pikapu moja na kuona kilichokuwamo, aliketi juu ya pipa na kulia.

"Simama kwanza," Atoo alisema. "Huyu nalia wapi?"

"Barabarani, Mama," Masinde alijibu.

"Mbele ya dereva?"

Masinde alivua miwani. "Kwenye gemu anaonekana sekunde kumi, basi. Sisi tutakaa naye kwa muda wa saa nane. Mtu wa saa nane lazima awe na moyo."

"Moyo iko. Lakini iko ndani ya uniform."

Hawakuelewana. Wakaendelea, na hapo ndipo Moreen aliposoma kwa sauti nzuri, kama ya msomaji wa habari: "Gari hili limebeba nini?"

Atoo alidhani amekosea ukurasa. "Mimi hapana sema hivyo."

"Ndivyo inavyopaswa kuwa, Mama," Nasike alisema kwa upole. "Gari liko katika ngeli ya li-ya. Gari hili, magari haya."

"Mimi nimesimamisha gari miaka ishirini na nne. Hakuna hata moja iliambia mimi jina yake ni li."

Obita alicheka. Nasike hakucheka. Alifunika kalamu yake, akasema jambo ambalo Atoo alilibeba mpaka nyumbani na kulichukia njia nzima kwa sababu lilikuwa na ukweli. Alisema kwamba kila mara Mganda anapozungumza Kiswahili kwenye televisheni, anawekwa pale ili watu wacheke. Yeye hakutaka askari huyu achekwe. Tamthilia ingefika Mombasa, ingefika Dar es Salaam. Alitaka mwanamke huyo asimame barabarani aheshimiwe.

"Mimi nilikuwa naheshimiwa," Atoo alisema.

"Na walioko mbali watajuaje?"

Swali hilo lilimuudhi Atoo kuliko kalamu nyekundu.

Wiki iliyofuata walianza kupiga picha. Walijenga kizuizi kwenye barabara ya pembeni upande wa Port Bell, wakapaka mapipa rangi ileile ya kwenye gemu. Madereva walikuwa madereva wa kweli, waliokodiwa pamoja na magari yao. Wa kwanza alikuwa mzee Olal, mwenye lori la mchanga. Alitakiwa kuja polepole, kuogopa, na kusimama.

Moreen aliinua mkono. "Simama hapo! Gari hili limebeba nini?"

Olal alisimama, akachungulia dirishani, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Watu wote walicheka isipokuwa Masinde, Moreen, Nasike na Atoo. Masinde aliomba warudie. Olal alijitahidi kwa moyo wote, lakini uso haukukubali kuogopa. Walirudia mara kumi na tisa. Moreen aliongeza ukali, akawa kama dada mkubwa aliyenyimwa chakula. Jua lilipanda. Mara ya ishirini, lori lilipokuwa likikaribia, mpita njia mmoja alikatiza mbele yake akiwa na mkokoteni wa mabomba, na Atoo, aliyekuwa amekaa kando akijipepea kwa kurasa za maandishi, aliruka juu.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

Mkokoteni ulisimama. Lori lilisimama. Mpiga picha aliacha kamera ikining'inia begani. Hata Masinde alikuwa amesimama wima kama anasubiri kuulizwa kitambulisho.

Basi Masinde akapata wazo, na Atoo baadaye alisema kwamba heri jua lingemuunguza kabla hajalipata. Wangempiga picha Moreen kama kawaida, kisha Atoo angeweka sauti yake juu ya mdomo wa Moreen.

Hivyo ndivyo Atoo alivyojikuta katika chumba kidogo chenye magodoro ukutani, akiangalia mdomo wa mtu mwingine. Fundi wa sauti, Odur, alikuwa mtu mtaratibu kupita kiasi. Alicheza kipande, Atoo akasema, "Hii gari iko na nini?"

"Vizuri, Afande. Lakini mdomo wake unafunga mara tatu."

"Unafunga nini?"

"Li-me-be-ba. Angalia midomo. Me, be, ba. Wewe hufungi hata mara moja."

Atoo aliangalia. Ilikuwa kweli. Mdomo wa Moreen ulifunga mara tatu na sauti ya Atoo ikapita juu yake kama redio ya jirani. Walirudia. Alisema polepole, akasema haraka, akaongeza "wewe mama" mbele, akaongeza "bwana" nyuma. Odur alisema "vizuri" kila mara, na kila mara alirudisha kipande mwanzo. Asubuhi nzima iliishia kwenye gari moja, na pikapu mia mbili zilikuwa zinangoja zamu.

Nasike aliingia kutazama, akiwa na chupa ya maji. Atoo hakumtazama. Alikuwa na njaa, shingo ilimuuma, na alitaka tu mdomo ule ufunge pale unapotaka kufunga. Kipande kilianza tena.

"Hii gari imebeba nini!" alibweka.

Odur alicheza. Mdomo ulifunga mara tatu. Sauti ilifunga mara tatu. Askari kwenye kioo alikuwa mtu mmoja.

Kisha Nasike akasema, "Hiyo si ya kwangu."

"Na si ya mimi," Atoo alisema.

"Nairobi nzima inasema hivyo," Nasike alikiri, kama mtu anayekiri ugonjwa wa familia. "Mama yangu Bungoma anasema hivyo." Alitoa karatasi zake, akaziangalia kurasa zilizojaa wekundu, akavuta kiti. "Tuendelee na inayofuata."

Waliendelea kwa siku kumi na sita, wakigombana juu ya kila neno. Nasike alikubali "kuja hapa" baada ya vita vya saa mbili. Atoo alikubali kuacha "hapana sema", ila kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino.

Kisha Moreen akaja Makindye. Alikuja peke yake asubuhi, akagonga mlango wakati Atoo anasaga ufuta na karanga za odii, siagi ya Kiacholi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, umenichukulia sauti yangu."

"Mimi sikutaka sauti yako. Mimi iko na yangu, na yenyewe inasumbua."

"Nitaonekana mdomo tu. Watu watasema huyu msichana alishindwa kusema maneno manne."

Atoo alikuwa na hamu ya kumwambia kwamba ni kweli, alishindwa. Badala yake alimsogezea kigoda na kumpa jiwe la kusagia. Moreen alisaga vibaya, Atoo akamgombeza, akasaga vibaya zaidi.

"Wewe nafikiri sana," Atoo alisema. "Barabarani wewe nafikiri: mimi ni mkali, mimi ni mkali. Mimi sikufikiri ukali. Mimi nilifikiri, hii gari ikipita na kitu mbaya, ni mimi niliacha. Basi. Saga."

Moreen alisaga. Baadaye aliuliza alichokuwa amekuja kuuliza. Sehemu ya kilio ilikuwa inapigwa Alhamisi, naye hakujua afanye nini nayo. "Wewe hukuwahi kulia? Miaka yote ishirini na minne?"

Atoo alifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nililia. Nyumbani. Ndani ya choo, na mlango imefungwa. Ukilia barabarani dereva naona, na kesho hasimami."

Moreen hakuuliza alilia kwa nini. Kwa hilo Atoo alimpenda kidogo.

Alhamisi Moreen alimwambia Masinde kwamba hataketi juu ya pipa. Walibishana mpaka saa sita, Masinde akivua na kuvaa miwani. Mwishowe walipiga picha hivi: askari anafungua nyuma ya pikapu, anaangalia, anafunga. Anamwambia dereva mahali pa kupeleka gari. Anasimamisha linalofuata. Baadaye unaonekana mlango wa choo cha nyumba za polisi, umefungwa, na ndoo iliyoachwa nje. Kamera inakaa pale. Sauti ya barabarani, ya siku hiyo, ilikuwa ya Moreen mwenyewe. Odur alimpigia Atoo simu kumwambia hawamhitaji kwa sehemu hiyo. Atoo alisema asante Mungu, akakata.

Tamthilia ilitoka Machi. Mashabiki wa gemu walikasirika kwa sababu askari alikuwa mwembamba na pikapu ilikuwa ya bluu badala ya kijani. Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam aliandika barua ndefu mtandaoni kuhusu ngeli, na Nasike akamjibu kwa barua ndefu zaidi. Obita alisoma yote na kukosa usingizi. Atoo hakusoma chochote. Alitazama nyumbani pamoja na binti yake Acayo, aliyekuwa amekuja na watoto, na tangu mwanzo alilalamika: mkanda umevaliwa upande usio wake, kofia inakaa kama sufuria, nani amemwambia askari asimame akilipa jua kisogo.

Walipofika kwenye mlango wa choo, aliacha kulalamika. Ndoo ilikaa pale kwenye kioo. Acayo aligeuka kumtazama.

"Mama, hii waliitoa wapi?"

"Sasa na wewe umeanza."

"Nauliza tu. Sisi tulikuwa tunaishi nyumba ile. Nilikuwa na miaka tisa, na ndoo ile naikumbuka."

Atoo aliwaambia wajukuu watoke nje wakacheze. Walipoanza kubisha aliwatazama tu, wakatoka. Alitafuta rimoti, akaibonyeza vibaya mara mbili, akailaani, akafaulu kuondoa sauti. Kisha, kwa Kiacholi, akiangalia picha zisizosema kitu, alianza kumweleza binti yake juu ya pikapu nyeupe iliyosimama asubuhi moja kwenye barabara ya Bombo, na mwanamke aliyekuwa amekaa sehemu yake ya mizigo akiwa amekumbatia mtoto aliyefunikwa shuka mpaka usoni.