Kaka Yangu Anaimba Kwenye Santuri Yangu

Mhariri, ficheni jina langu, maana jirani humsomea mama ukurasa huu kila gazeti linapofika.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mwalimu wa watoto wadogo hapa Nakuru. Tunapanga chumba karibu na stesheni, mimi na mama tu, tangu kaka yangu Barasa alipogongwa na behewa akiwa kazini relini, akafa. Barasa aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Mimi ni sauti ya kwanza, na bila kujisifu, naimba vizuri.

Chuo kimoja cha muziki ng'ambo kiko tayari kunifikiria, bora niwatumie sauti yangu kwenye santuri kabla ya Krismasi. Padri wetu ana mashine ya kurekodi, na alibakiwa na sahani moja tu ya kurekodia santuri. Tulifunga milango ya kanisa, yeye akakaa kwenye mashine, nikaimba peke yangu bila hata kinanda.

"Sahani hii ni laini," akanionya. "Ukiipiga ovyo, sindano itaikwangua."

Nikaipeleka nyumbani mama aisikie mara moja tu kwenye gramafoni yetu. Ulipoingia ubeti wa pili, chini ya sauti yangu kukawa na besi. Mama akaweka kikombe chini.

"Huyo ni Barasa."

Ndugu wasomaji, nilishamjua. Alikuwa na tabia ya kuchelewa kwenye neno la mwisho, na mwalimu wa kwaya alimgombeza mpaka akachoka.

Padri alipopata habari aliniambia niitume haraka, isilale kwetu. Rahisi kusema! Mama ameifungia sandukuni na ufunguo anauvaa shingoni. Kila akirudi sokoni, anaipiga.

"Mama, utaimaliza! Hiyo ndiyo shule yangu!"

"Wewe uko na mdomo, utaimba tena," akanijibu. "Huyu ataimba wapi?"

Nampenda kaka yangu, lakini nimemkasirikia, na naona aibu kusema hivyo juu ya marehemu.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Sindano ingetukwangua wote wawili, lakini inanila mimi tu. Ubeti wa kwanza sisikiki tena. Besi inazidi kuwa safi, na siku hizi inaanza mwanzo kabisa wa wimbo, mahali ambapo haikuwepo. Tangu juzi, nikiwaimbisha watoto darasani, sauti inanikatika palepale inapokatika kwenye sahani. Daktari amenichungulia kooni, haoni kitu. Jumapili mama alinisikia nikihangaika na wimbo, akatabasamu.

"Mpishe mwenzako kidogo," akasema.

Nikiivunja, chuo nimekikosa, na mama atakuwa amezika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nikiiacha, naogopa hata kumaliza sentensi hii. Nishaurini, nifanye nini? Na jibuni upesi, maana leo asubuhi nilimwamkia mama, akageuka akitafuta nani amemwita kwa sauti nzito hivyo.